Chungu Kimebaki, Dua Zimekwenda Wapi?

Desemba moja iliyopita nilialikwa katika sherehe ya kutoa mahari huko Amagoro, mwendo mfupi kutoka mji wa mpakani wa Malaba. Upande wa bwana harusi walikuwa Wakhayo wa Matayos. Upande wa bibi harusi walikuwa Waiteso, nusu yao wakiwa wamevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka Tororo. Nilikuwapo kwa sababu mbili. Kwanza, baba wa bwana harusi ni rafiki yangu wa tangu shuleni. Pili, familia zote mbili ziliamini kwamba mtu anayefundisha isimu katika chuo kikuu hana budi kuzijua lugha zote za ulimwengu. Dhana hiyo imenifuata kwa miaka mingi, nami sijafaulu kuwaondolea jamaa zangu.

Baada ya chakula, mfawidhi wa sherehe, kijana mtanashati mwenye kipaza sauti, alituomba tusimame na bilauri zetu za soda mkononi. "Sasa mwalimu atatuongoza kwa toast," akatangaza. Nilisimama. Nikainua bilauri, nikasema "cheers", kisha, nilipoona kwamba neno hilo limeanguka chini kama jani kavu, nikaongeza "maisha marefu kwa maharusi wetu". Watu wakagonganisha bilauri. Wengine walikuwa wamekwisha kunywa kabla sijafungua kinywa. Jambo lilipita upesi, wala halikuacha alama yoyote.

Ndipo mzee mmoja wa Kiteso alipoomba neno. Hakuwa na bilauri. Chini ya mwembe palikuwa na chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi ya Waiteso, kilichozungukwa na wazee wenzake, na mzee huyo alisimama palepale chunguni, mrija wake ukiwa bado katika mkono wa kulia. Alisema kwa Kiteso, sentensi fupi fupi, na kila sentensi ilipofika mwisho waliomzunguka waliitikia kwa sauti moja. Baada ya sentensi ya tatu hata Wakhayo, ambao hawakuelewa neno, walikuwa wakiitikia, kwa maana mahadhi yenyewe yaliwaonyesha pa kuitikia. Nilimwomba kijana aliyekaa kando yangu anifasirie. "Anasema wimbi lizae," akaninong'oneza. "Anasema nyumba hizi mbili ziwe na ua mmoja. Anasema anayesafiri afike, na akirudi amkute mzima aliyemwacha." Kisha akanyamaza. "Hiyo ya mwisho siijui, mwalimu. Hicho ni Kiteso cha wazee."

Sentensi hiyo nisiyoijua imenisumbua tangu siku ile, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Kwa nini maneno yangu, niliyoyasema katika lugha mbili zinazofahamika kwa wote, yalikufa papo hapo, ilhali maneno ya mzee, ambayo nusu ya waliokuwapo hawakuyaelewa, yaliwainua watu wote vitini?

Mpenzi msomaji, tuanze na neno lenyewe. Kiswahili hakina jina moja lililotulia la kile ambacho Waingereza hukiita "toast". Wengine husema ni kunywa kwa afya ya fulani, wengine kutakiana heri, na wengi hulitumia neno la Kiingereza lilivyo. Jambo hilo si la kushangaza. Lugha hii ililelewa pwani, miongoni mwa Waislamu ambao pombe kwao ni haramu; ilikuwa tajiri wa dua kabla ya kukutana na bilauri zilizoinuliwa. Hata hivyo Kiswahili kina hekima yake kuhusu jambo hili, nayo imejificha ndani ya neno la kila siku. Neno "kinywa" limetokana na kitenzi "kunywa": ni kile tunachonywea. Na wahenga hao hao wakasema kwamba kinywa ni jumba la maneno. Ogani ni moja, kazi ni mbili. Ama kwa hakika, mila hii tunayoizungumzia si kitu kingine ila kuzikutanisha kazi hizo mbili mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Hilo neno "toast" asili yake ni mkate. Katika Uingereza ya karne ya 17 watu walitia kipande cha mkate uliochomwa, wenye viungo, katika kinywaji ili kukiongezea ladha. Mtu aliyetajwa wakati wa kunywa, aghalabu mwanamke aliyesifiwa, akafananishwa na mkate huo, kwamba jina lake ndilo linalokitia kinywaji utamu. Mkate ukasahaulika, jina likabaki. Mataifa mengine yalichagua mambo mengine. Waskandinavia hutaja bakuli. Wajerumani wana neno lililotokana na Kilatini, lenye maana ya "na likufae". Wachina hukuagiza ukaushe kikombe. Waethiopia, kwa Kiamhari, husema "letenachin", yaani kwa afya yetu, na ndugu zetu wa Kongo wameazima "santé" ya Kifaransa, yenye maana hiyo hiyo ya afya.

Lakini wanaosifika ulimwenguni kwa jambo hili ni watu wa Ayalandi, nao wana la kutufundisha. Neno lao ni "sláinte", ambalo pia ni afya. Hata wiski waliiita "uisce beatha", maji ya uhai. Aidha wana dua ndefu za kunywea, na mtu akizichunguza ataona kwamba ni historia iliyofupishwa. Imo dua inayomtakia mnywaji ardhi isiyotozwa kodi. Imo nyingine inayomtakia mauti ndani ya Ayalandi. Mtu asiyejua historia atashangaa: ni karamu gani hii ambamo watu hutakiana kufa? Ila anayejua kwamba wakulima wa nchi hiyo waliishi vizazi na vizazi wakilipa kodi kwa mabwana wa ardhi, na kwamba katika njaa kuu ya 1845 hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wapatao milioni moja wakahama nchi, huyo ataelewa. Kutakiwa kufa nyumbani ni kutakiwa usilazimike kwenda kufa ugenini.

Wanaisimu hupendezwa na jambo jingine. Katika Kiayalandi cha leo, ile hali ya kitenzi ambayo kwetu huonyeshwa kwa kiambishi tamati "-e", kama katika "uishi ukaone" au "Mola akulinde", imepungua sana katika mazungumzo ya kawaida. Mahali ilipobaki imara ni katika dua na laana. Yaani baraka imekuwa ghala la sarufi: kile ambacho lugha inakiacha kwingine, dua inakihifadhi. Nayo dua ikifasiriwa ovyo huharibika. Duniani kote inajulikana ile dua ya Kiayalandi inayodaiwa kumwombea msafiri barabara iinuke kumlaki. Kitenzi kilichomo kweli humaanisha kuinuka, lakini kikiungana na kihusishi chake humaanisha kufanikiwa. Mwenye dua alimwombea msafiri safari njema tu; mfasiri akaiinua barabara hewani.

Na hapa pana onyo. Katika sensa ya Ayalandi ya 2022, watu wapatao milioni 1.87 walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, ila takribani 72,000 tu ndio waliosema hukizungumza kila siku nje ya masomo. Maelfu ya watu wanaosema "sláinte" kila jioni hawajui neno la pili la lugha hiyo. Neno moja limeokoka mafuriko, na nyumba iliyokuwa yake imezama.

Turudi sasa nyumbani, tujiulize kama nasi tuko njiani kuelekea huko.

Eneo la Busia na Malaba ni darasa la isimu lisilo na kuta. Waiteso ni Waniloti wa mashariki, ndugu wa Waturkana na Wakaramoja. Wakhayo, Wasamia, Wamarachi na Wanyala ni Wabantu wa jamii ya Waluhya. Wajaluo wako karibu. Mwaka 1902 Waingereza walipouondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, Waiteso wa huku walijikuta upande mmoja na ndugu zao upande wa pili. Mpaka ukapita baina ya kaka na dada, ila haukufaulu kupita baina ya watu na chungu chao. Mtazame mrija wa kunywea. Waluhya huuita "lusekhe", Waganda huuita "oluseke", na Wajaluo, ambao si Wabantu, huuita "oseke". Lugha haiazimi jina la chombo pasipo watu kukaa pamoja na kukitumia pamoja. Neno hilo moja ni ushahidi kwamba babu zetu wa lugha mbalimbali walikizunguka chungu kimoja.

Nacho chungu hicho si jambo la haraka. Kwa ajon, unga wa wimbi hukandwa na kuachwa uchache kwa siku kadhaa. Kisha hukaangwa juu ya moto na kuanikwa juani, nao ukikauka unaweza kuwekwa akiba. Siku za shughuli zikikaribia, hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukachachuka tena. Siku ya kunywa humiminwa chunguni na kutiwa maji ya moto, na kila kinapopungua huongezwa maji mengine. Wanywaji huvuta kwa mirija mirefu yenye vichujio vilivyosukwa nchani, ili makapi yabaki chini. Kazi hii yote, tangu kusaga hadi kuchemsha maji, kwa desturi ni ya wanawake, ukweli ambao sisi wanaume tunaosimama kutoa dua huusahau kwa wepesi wa ajabu. Nimewafundisha wanafunzi kadhaa wa eneo hili ambao karo zao zilitoka chunguni humo, kwa jasho la mama zao.

Mwanaanthropolojia Ivan Karp aliishi miongoni mwa Waiteso wa Kenya, na mwaka 1980 alichapisha makala kuhusu unywaji wao. Hakushughulika na ulevi; alishughulika na adabu. Alionyesha kwamba kunywa kutoka chungu kimoja ni sura ya ujirani wenyewe, pamoja na raha yake na hatari yake. Watu wanaokaa pamoja husaidiana kulima, na watu hao hao huweza kuoneana kijicho na kudhuriana. Ndiyo maana chungu kina sheria: mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, watu huketi kwa mpango, na mwenye pombe huonja mbele ya wageni ili wajue kwamba haina sumu. Dua inayotolewa hapo basi si pambo. Ni ahadi ya hadharani. Anayemwombea jirani yake uzima mbele ya mashahidi, akivuta kutoka chungu kile kile, amejifunga kwamba hatakuwa yeye wa kuuondoa uzima huo.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha jinsi neno na kinywaji vilivyoshikamana. Waiteso, kwa desturi yao ya zamani, walipotaka kumpa mtoto mchanga jina, bibi yake alichovya kidole katika pombe akakitia kinywani mwa mtoto huku akitaja majina ya wahenga. Mtoto alipofyonza baada ya jina fulani, jina hilo likawa lake. Hata kabla hajajua kusema, alikuwa ameitikia.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa 1962, alieleza kwamba yako maneno ambayo hayaelezi jambo bali hulitenda: anayesema "naahidi" ameahidi. Akaongeza kwamba maneno hayo yana masharti. Yakisemwa na mtu asiyefaa, mahali pasipofaa, hayatendi kitu. Mzee wa Amagoro alitenda. Mimi nilisema tu.

Kwa nini basi mila hii inapungua? Wako watakaosema, na iende zake. Nawaheshimu, kwa sababu hawakosi hoja. Pombe imevunja nyumba nyingi katika kaunti ya Busia. Watu wamekufa na wengine kupofuka kwa kunywa vileo vyenye sumu. Wa Kirinyaga, waliofariki Februari 2024, bado tunawakumbuka. Makanisa mengi ya eneo hili huwafundisha waumini wao wasiguse kileo, na Waislamu wana amri yao. Sitaki mwanafunzi yeyote asome makala haya akadhani kwamba mwalimu amemhimiza kunywa. Pombe si chai.

Lakini tutofautishe mambo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, na sheria hiyo ikafutwa na ile ya 2010, ambayo iliweka masharti mapya ya vileo, mojawapo likiwa kwamba kileo kisifungwe katika chombo cha chini ya mililita 250. Nayo Uganda ilipiga marufuku pombe za pakiti mwaka 2019. Sheria hizi zilikuwa na sababu zake. Hata hivyo miaka mingi ya misako haikukibagua chungu cha wazee na pipa la mfanyabiashara. Pombe ikajificha, na pombe iliyojificha hunywewa upesi upesi na kwa kunong'ona. Hakuna mzee awezaye kuomba dua kwa sauti huku jicho lake likiuchungulia mlango. Kijana naye akajifunza kunywa peke yake, kutoka chupa ndogo, amesimama kando ya barabara ambako malori husubiri zamu ya kuvuka Malaba. Matokeo yake ni kinyume cha tulichokitaka: ulevi umebaki na dua imeondoka. Tulikuwa na mila iliyomfunga mnywaji kwa adabu na mashahidi. Tukaifukuza mila, tukabaki na mnywaji.

Sasa nisimulie kisa kilichonibadilisha mawazo. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi ya kukusanya dua za jadi katika vijiji vyao. Mmoja wao alikuwa binti kutoka Teso Kusini, mlokole thabiti. Alikwenda kwa babu yake, akamwomba amwambie maneno ya chunguni. Mzee akakataa. "Maneno hayo hayasemwi makavu," akamwambia. Binti naye hakuwa tayari kununua pombe, wala kuipika, wala kukaa mahali inaponywewa. Akarudi chuoni na daftari tupu, akaniuliza afanye nini. Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Kumwambia avunje imani yake kwa ajili ya alama za mtihani kungekuwa dhuluma. Kumwambia aache kungekuwa kuyatupa maneno ya babu yake.

Jibu alilipata mwenyewe. Likizo iliyofuata alisaga wimbi akapika uji, akamimina katika kibuyu, akampelekea babu. Mzee alicheka sana, kisha akasema kwamba wimbi ni lile lile. Alikunywa, akafuta midomo, akaanza kusema, na binti akarekodi kwa simu yake. Alipomaliza, mzee alimwambia: "Nimekupa nusu. Nusu nyingine iko chunguni."

Tulisikiliza rekodi hiyo pamoja ofisini kwangu. Mara ya kwanza nilidhani mzee alimaanisha kwamba ameficha baadhi ya maneno, ama kwamba pombe yenyewe ilihitajika ili aseme yote. Tulipoisikiliza mara ya pili ndipo tuliposikia kile ambacho hakikuwamo. Baada ya kila sentensi mzee alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Sentensi, kimya. Sentensi, kimya. Vimya hivyo vilikuwa na urefu mmoja, kama mashimo ya nguzo yaliyochimbwa kwa kipimo. Mzee alikuwa akiwaachia nafasi waitikiaji, na waitikiaji hawakuwapo. Palikuwa na mjukuu mmoja tu, ameshika simu, anachunga asipige kelele ili rekodi iwe safi.

Nusu iliyokosekana, basi, ilikuwa jibu. Pombe wala uji havikuhusika. Na sisi wasomi ndio tulioikosesha, kwa kumfundisha binti yule kwamba mtafiti mzuri ni yule anayenyamaza.

Mzee huyo sasa ni marehemu. Rekodi tunayo. Tumeandika sentensi zake kumi na tisa, na kwa msaada wa wazee wengine wa ukoo tumejua kilichokuwa kikiitikiwa baada ya nyingi kati yake. Ziko nne ambazo hatujampata mtu wa kutuambia.

Tangu hapo nimeelewa kilichotokea Amagoro. Tatizo la "cheers" yangu si kwamba ni neno la Kiingereza, wala kwamba bilauri ilikuwa na soda. Ni kwamba sikumwachia mtu nafasi. Mzee wa chunguni hakuwapa watu baraka wazipokee kimya kama watu waliopanga foleni ya mgao. Aliwaita waijenge pamoja naye. Wakhayo walioitikia hawakujua Kiteso. Walijua tu kwamba wanahitajiwa. Na wengi wa walioitikia hawakuwa wamegusa hata tone la ajon.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wale wanaohofia kwamba kuihifadhi mila hii ni kuhifadhi ulevi. Si lazima mtu anywe ili aitikie. Mlokole aweza kuitikia, Mwislamu aweza kuitikia, mtoto aweza kuitikia. Kinachofanyika ni dua ile ile ambayo sote tunaijua kwa lugha zetu. Msamia anayesema "Nyasaye akhulinde" na Mswahili anayesema "Mungu akulinde" wametumia kitenzi kimoja na kiambishi tamati kimoja, na wote wawili wanangoja "amina".

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Katika silabasi ya Fasihi Simulizi ya shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa kuhusu miviga, ulumbi, soga, mawaidha na maapizo. Maapizo yametajwa kwa jina lake. Mwanafunzi anajua kueleza sifa za laana. Dua ya baraka mara nyingi hujikuta imefichwa ndani ya miviga, kama mgeni aliyekosa kiti. Hatuna haja ya kungoja mtaala mpya ili kumpatia mgeni huyo kiti. Mwalimu wa Amukura, wa Nambale au wa Funyula aweza kuanza wiki ijayo, kwa njia tatu rahisi.

Kwanza, asimtume mwanafunzi mmoja mwenye simu. Awatume sita au saba, wakajifunze kwanza kuitikia, ndipo warekodi. Sauti ya mzee bila sauti za waitikiaji ni nusu ya fasihi. Pili, maneno yaandikwe katika lugha yake, iwe Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kijaluo, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando bila kuchukua nafasi ya asili. Tukumbuke ile barabara ya Waayalandi iliyoinuliwa na mfasiri. Tatu, waulizwe kina mama pia. Aliyepika chungu kwa siku nyingi ana maneno yake aliyoyasema juu yake kabla wanaume hawajaketi, na sijakutana na wengi waliowahi kumwuliza.

Nanyi wanafunzi, msiwaachie walimu peke yao. Katika sherehe ijayo nyumbani kwenu, mfawidhi akitaka watu wainue bilauri, mnong'onezeni amwite kwanza bibi au babu. Na mzee huyo akisema sentensi yake ya kwanza, akanyamaza kidogo, msidhani kwamba amesahau. Anawangoja ninyi.

Mimi nimekwisha kutuma ujumbe Amagoro. Nimeomba kwamba katika harusi yenyewe, ambayo kwa mpango wa familia hizo itafanyika mavuno yakiisha, nisiitwe mbele. Nimeomba kiti karibu na mwembe, nikae na yule kijana aliyenifasiria. Tumeahidiana kwamba mzee akifika kwenye ile sentensi ya mwisho tutaitikia kwanza, kisha tutamwuliza maana yake.